Kaimu Waziri wa Misiba

Watu wakiwa mbali na kwao huzua vyeo. Nyumbani Nandi, Wesley hakuwahi kuwa hata mwenyekiti wa kamati ya maji, lakini Doha alikuwa rais. Msimwite mwenyekiti, hakupenda. Rais, tena mwenye baraza la mawaziri.

Mambo yalianza kama mzaha mwaka 2008, katika fleti moja ya Fereej Bin Mahmoud walimobanana madereva sita, Wesley akiwa mmoja wao. Ila mzaha ukishaandikiwa katiba huwa si mzaha tena. Wakaunda Jumuiya ya Majirani, wakajiunga Wakenya, Watanzania na Waganda kidogo: walinzi, madereva, watu wa hoteli. Kulikuwa na Waziri wa Michezo. Kulikuwa na Waziri wa Wageni, aliyewapokea wapya na kuwaonyesha pa kununua laini ya simu. Na kulikuwa na Waziri wa Misiba. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa waziri kwelikweli, maana mpira unaweza kuahirishwa lakini maiti haiahirishwi.

Loice alikuwa ameingia Doha mwaka mmoja kabla ya chama hicho, akitokea Vihiga. Kwao alifundisha chekechea ya kanisa, akilipwa kwa mahindi na asante. Doha akawekwa chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, akawa mpiga pasi wa mashuka na vitambaa vya meza. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye maneno machache na hasira ya kuchelewa. Hasira hiyo ikifika, imefika.

Mwaka 2011 Waziri wa Misiba alikuwa Levis, mlinzi kutoka Busia. Kampuni yake ikapoteza kandarasi, na bila hodi walinzi wote wakakusanywa wakapandishwa ndege. Jumatano Levis alikuwa waziri, Ijumaa alikuwa kwao anakula samaki. Na kwa kuwa mkosi hauna haya, wiki hiyo hiyo dereva mmoja Mganda akalala hakuamka.

Sasa katiba ya Majirani ilikuwa na kifungu cha jambo hilo, na ukweli lazima usemwe, kilikuwa kifungu chenye akili. Maisha ya Doha ni ya leo upo kesho khalas, umekwisha, na mkutano mkuu ulikuwa mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo kiti kikibaki wazi, rais angeweza kumteua mtu yeyote awe kaimu waziri mpaka mkutano mkuu. Hapo wanachama wangemthibitisha kwa kunyoosha mikono au wangemkataa. Kaimu alifanya kazi zote za waziri isipokuwa moja: hakuruhusiwa kuleta hoja mbele ya mkutano. Hoja ililetwa na waziri kamili, aliyeapa.

Wesley akampigia simu Loice. Hakumchagua kwa sababu ya hekima yake. Alimchagua kwa kuwa zamu yake ilikuwa ya usiku, na asubuhi ofisi zinapofunguliwa yeye yuko huru.

"Loice, nakuteua kaimu," alisema. "Ni mpaka mkutano mkuu tu."

"Mimi na maiti wapi na wapi?"

"Aki nisaidie, dada yangu. Sina mwingine."

Akasaidia. Alitoka kazini macho mekundu, akapanda basi hadi hospitali, kisha polisi, kisha ubalozini, kisha kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini marehemu, kubembeleza saini. Mara ya kwanza alitapika nje ya chumba cha maiti. Baadaye alizoea, kama mtu anavyoweza kuzoea jambo hilo. Alijifunza kumshikia simu shehe au mchungaji karibu na mdomo, ili mama wa marehemu aliyeko kijijini asikie dua. Kwa maiti za Kikristo aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemtuma: alizichukua nguo za kumvisha marehemu akazipiga pasi mwenyewe, kola kwanza, kisha mikono, kwa utulivu ule ule aliopigia pasi mashuka ya hoteli. Alisema hataki mama yeyote apokee mtoto wake akiwa amekunjamana.

Mkutano mkuu wa mwaka ule ukaitishwa Ijumaa mchana. Watu wa hoteli za Doha wanajua maana yake: Ijumaa mchana ndiyo karamu kubwa ya wiki, wageni wanakula tangu adhuhuri mpaka jua linainama, na kila mfuaji anaitwa kazini hata kama alikesha. Loice hakuweza kwenda. Alhamisi, mkesha wa mkutano, ukaimu wake ukakoma, na Jumamosi, kwa kuwa hakuwepo kuthibitishwa, simu ikalia, akateuliwa upya. Alicheka. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, Alhamisi kukoma, Jumamosi kuanza, na safari hii alicheka kidogo tu.

Aliyeliona hilo ni Athumani, katibu wa chama, mpishi wa Tanga mwenye kifua kibovu na mwandiko mzuri.

"Dada Loice," alimwambia, "huyu bwana anakuweka kibarazani. Chakula anakula chako, ila ndani hakuingizi."

"Cheo si shida yangu, Athumani. Kazi inafanyika."

Na kweli cheo hakikuwa shida yake, mpaka alipokufa Wanjiru.

Wanjiru alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Umm Salal. Loice hakuwahi kumwona akiwa hai. Aliyempigia Loice simu ni Phyllis, binamu wa Wanjiru, naye mfanyakazi wa nyumba ya jirani, aliyeinunua simu yake kwa siri na kuificha kwenye mfuko wa mchele. Loice akalipeleka jambo kwa Wesley, na Wesley akajibu kwamba marehemu hakuwa mwanachama. Sheria ilitaka mtu aonekane uso wake mkutanoni kabla ya kuandikwa mwanachama, na wasichana wa manyumbani hawakuwa na Ijumaa ya kwao. Kwa hiyo hawakuwa wanachama, wala hawangekuwa. Wanawake waliomhitaji Waziri wa Misiba kuliko watu wote ndio ambao katiba haikuwajua.

Loice alihangaika peke yake. Mwili ulikaa kwenye jokofu muda mrefu kupita maiti yoyote aliyowahi kuishughulikia. Siku sanduku lilipofika uwanja wa ndege, Phyllis alikuwa ameruhusiwa kidogo, dereva wa bosi wake akimngoja kwenye gari. Alishika mkono wa Loice akakataa kuuachia.

"Dada, na mimi nikifa?"

"Usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Na wale wengine kumi na kitu wa mtaa wetu, tukifa?"

Loice hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, lakini siku hiyo aliahidi. Alisema atathibitishwa kuwa waziri, na akishaapa ataleta hoja: wanawake wa manyumbani wapokewe kwenye chama bila sharti la kuhudhuria mikutano. Alisema na wao watazikwa kama watu. Phyllis akaziamini habari hizo, akazipeleka mtaani kwake, zikapita kuta za nyumba moja hadi nyingine. Tangu hapo cheo kikawa shida ya Loice, na akakitaka kama mtu anavyotaka maji.

Mwaka 2013, kabla ya mkutano mkuu, Wesley alimfuata kwa gari la kazi. Wakaenda mpaka kwenye mkahawa mdogo wa pembeni, wakabaki garini nje kama watu wote wa mji ule wanavyofanya. Wesley akapiga honi, na chai ya karaki, ya maziwa na iliki, ikaletwa dirishani pamoja na chapati za moto ndani ya karatasi. Alikuwa mtamu siku hiyo, Wesley. Aliuliza habari za Vihiga. Aliuliza habari za magoti ya mama yake Loice, tena kwa jina la goti lenyewe linalouma. Mtu akianza kukumbuka goti la mamako, shika mkoba wako vizuri.

"Nataka tubadilishe kifungu cha kaimu," alisema hatimaye. "Hiki cha kuteua Jumamosi na kukoma Alhamisi ni kelele tu. Kaimu akae mpaka rais atakapoona vema. Lakini wamama wa hoteli wako nyuma yako, si yangu. Niombee mikono yao."

"Na mimi nitabaki kaimu mpaka lini?"

"Wewe?" Aliweka kikombe juu ya dashibodi. "Loice, wewe ni mwingine. Mkutano wa mwaka ujao nakuleta wa kwanza mbele ya watu. Unathibitishwa, unaapa na Biblia, na siku hiyo hiyo unasoma hoja yako ya hao wasichana. Mungu ni shahidi. Kwani mimi nimewahi kukuchezea?"

Angeweza kumjibu kwamba ndiyo, mara mbili, Alhamisi mbili. Alipuliza chai yake, akanywa. Alikuwa amechoka, chai ilikuwa tamu, na alilitaka sana jambo lile. Wiki hiyo alizunguka vyumba vya wanawake wa hoteli wenye nafasi Ijumaa, kitanda kwa kitanda, akawaomba wampe Wesley mikono. Wakampa kwa ajili yake. Mkutanoni mabadiliko yakapita kwa wingi mkubwa mpaka Wesley akafuta jasho kwa leso. Athumani peke yake ndiye aliyeviweka viganja vyake magotini.

Mwaka ule wa kungoja ulikuwa mzuri kwa Loice. Alifanya kazi ya misiba kama mtu mwenye nyumba yake. Mkutano ulipokaribia alishona gauni la kitenge kwa fundi Mhindi wa Fereej Bin Mahmoud, aliyeuliza kama ni arusi. Zamu yake ya Ijumaa alibadilishana na Mfilipino mmoja, kwa ahadi ya kumfanyia Ijumaa zake mbili. Kisha akampigia Phyllis.

"Njoo ushuhudie," alimwambia. "Lete na wengine wanaoweza."

Phyllis alimlilia bosi wake siku tatu. Mama yule hakuwa mbaya, alikuwa tu hajawahi kufikiria kwamba Phyllis ana mahali pa kwenda. Mwishowe alikubali, mradi arudi kabla ya magharibi. Wakaja wanne kwa teksi moja kutoka Umm Salal, wamejipaka mafuta, wamefunga vilemba vya nyumbani.

Mkutano ulikuwa kwenye ua wa villa moja ya Muaither walimoishi madereva. Langoni walisimama vijana wa Tom. Tom alikuwa msimamizi wa walinzi huko Sanaiya, eneo la viwanda, mtu mkubwa wa sauti na mabega, na kambi nzima ya walinzi ilinyoosha mkono aliponyoosha yeye. Vijana wake wakamruhusu Loice. Wale wanne wakaambiwa si wanachama, wangoje nje.

"Haidhuru," Phyllis alisema akicheka. "Tumezoea kungoja. Wewe ingia, dada, gauni limekukaa."

Ndani palikuwa na turubai, viti vya plastiki, na sufuria za pilau zikinukia nyuma ya ukuta. Ajenda zikasomwa moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye mawaziri, Loice aliuweka mkoba magotini. Biblia yake ilikuwa ndani.

Wesley akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kuhusu mawaziri, mwaka huu hatuna wa kuthibitisha. Baraza lote ni makaimu, na makaimu wanaendelea na kazi kama kifungu kinavyosema. Tusonge mbele, pilau inapoa."

Watu wakacheka. Loice alidhani amesikia vibaya. Aliangalia kushoto na kulia, akaona nyuso zile zile zinazocheka, akaelewa kwamba hakuna mtu mwingine aliyekuwa akingoja chochote. Akasimama.

"Mheshimiwa Rais, uliniahidi."

Wesley alitabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto mbele ya wageni.

"Niliahidi nini, dada?"

"Uliniahidi kuniweka mbele ya watu hawa leo. Nina hoja ya wanawake wa manyumbani. Wako pale langoni, jua linawachoma. Wanakufa kama wengine, na hawana mtu."

"Katibu," Wesley alisema bila kumwangalia, "tusomee kifungu."

Athumani alisimama, akakohoa, akasoma huku macho yake hayatoki kwenye karatasi. Kaimu atakaa mpaka rais atakapoona vema. Kaimu hataleta hoja. Alipomaliza alikaa, akavua miwani, akaanza kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Na hapo Wesley angeweza kuishia, maana alikuwa ameshinda. Lakini kuna watu wakipewa rungu lazima walipige mahali walisikie mlio wake.

"Kwa mamlaka niliyopewa na mkutano huu," alisema, "namshukuru dada Loice kwa kazi yake njema. Nimeona amechoka. Namtakia mapumziko. Kuanzia sasa kaimu Waziri wa Misiba ni Tom. Tumpigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Tom akasimama na kupunga mkono, huyo Tom aliyewahi kukataa kuingia hospitali kumtambua mwenzake akisema ana presha. Walinzi wake wakapiga miguu chini. Loice aliwatazama wanawake wa hoteli. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanapiga makofi, si kwa ubaya, kwa sababu tu watu wote walikuwa wanapiga. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya Wesley. Mikono ile aliiomba yeye, kitanda kwa kitanda.

Kisha, kutoka nje ya ukuta, vikasikika vigelegele. Vilikuwa vinne, vyembamba, vya furaha tupu. Phyllis na wenzake walikuwa wamesikia makofi.

Watu kadhaa wakacheka. Loice akachukua mkoba wake akaondoka kati ya viti. Wesley alimwahi karibu na sufuria.

"Loice, usiweke moyoni. Hii ni siasa tu."

"Nilikufanyia nini, Wesley?"

"Hujanifanyia kitu. Sikiliza. Hao wasichana ni wengi mno, kuliko sisi wote hapa. Nikiwaingiza leo wakakufuata wewe, kesho mimi niko wapi? Na Tom ana watu wake, amekuwa akiniuliza atapata nini." Alishusha sauti. "Tulia kidogo. Nitakuteua kaimu wa kina mama. Nitatunga hicho kiti kwa ajili yako."

Alisema hivyo kwa wema. Hapo ndipo Loice alipoona kwamba mtu huyu haoni hata aibu ya kukwepa, anaamini kweli kwamba anampa kitu. Miaka mitatu amekuwa akimvukia barabara kwenda kwenye majokofu ya watu, na hayo yote kwake yalikuwa kiti tu, cha kuvuta na kusukuma. Loice alitaka kumzaba kofi. Alijisikia mjinga, na ujinga ule ulimuuma kuliko usaliti wenyewe, maana msaliti ni mtu wa nje, ujinga ulikuwa wake.

"Asante ya punda," alimwambia, na hakumalizia, kwa kuwa Wesley aliujua mwisho wake.

Nje ya lango Phyllis alimkimbilia, kilemba kimelegea, jasho linamtiririka shingoni.

"Wamekupitisha! Tumesikia makofi, dada! Tumewapigia vigelegele mpaka huyu kijana wa mlangoni ametuambia tunyamaze. Umesoma hoja? Wamesemaje?"

"Hawajanipitisha."

"Eh?"

"Wameniondoa. Makofi yalikuwa ya mwingine."

Wale watatu wakasogea karibu. Loice akawaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yanavyokuwa madogo: kaimu, kifungu, rais anavyoona vema. Mmoja wao, msichana mweusi mrembo ambaye Loice hakulijua hata jina lake, aliuliza kwa upole, kwa kutaka kuelewa tu:

"Na hicho kifungu cha kumfanya akae anavyotaka, nani alikipitisha?"

Jua lilikuwa linapiga kwenye ukuta mweupe wa villa. Loice angeweza kusema ni wanachama.

"Sisi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaombea watu mikono. Wesley alinidanganya. Aliniapia kwa Mungu, Phyllis, kwenye gari, aliniapia."

Phyllis hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikifunga upya kilemba chake polepole, akaangalia saa ya simu, kisha barabara, mahali teksi ingetokea. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye, si Loice.

"Pole, dada," alisema mwishowe. "Lakini sisi huyo Wesley hatumjui. Hatujawahi kumwona hata leo. Tulikuwa tunakujua wewe."